Mwikwabe, Mkamwana na Boneti

Kama kuna mtu Nyarero nzima anayelijua gari, ni Mwikwabe. Mwulizeni mwenyewe, atawaambia. Pikapu yake iko naye tangu Joel, mwanawe wa kwanza, hajaota meno, na miaka yote hiyo ameitengeneza kwa vifaa viwili: nyundo na matusi.

Basi pikapu ikagoma. Tangu siku ile alipoifungia matairi mapya na kuifanyia sherehe, haikuwaka tena. Mwikwabe aliichunguza kitaalamu. Aliipiga teke. Akainunia. Akanunua betri mpya. Akakusanya vijana wakaisukuma mpaka shuleni, nao walisukuma kwa moyo kweli, maana kwenda shuleni ni mteremko. Kurudi ndiyo kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mwishowe akatoa ripoti yake: gari halina ubovu, ni majirani wana kijicho.

Mkewe, Wegesa, alivumilia mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha abiria. Ndipo akamwita Kisyeri, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Nyamongo. Kisyeri akafika na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, mtungi wa gesi ya kukatia umelala nyuma, na uso wa mtu aliyekuja msibani na njaa yake.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini? Nani kafa hapa?"

Kisyeri akaitupia pikapu jicho, akavua kofia.

"Sikiliza, baba Joel," Wegesa akasema, huku akimkabidhi mgeni bakuli la uji. "Huyu akimaliza huu uji haijawaka, anaikata. Ikiwaka, nitaipanda mwenyewe twende mnadani, na hutanisikia tena."

Mwikwabe akashika ufunguo ulioning'inia shingoni mwake. Mwenye pikapu husalimiwa kutoka mbali, hungojwa kwenye harusi, huombwa lifti hata na mwenyekiti wa kijiji. Mwikwabe asiye na pikapu angekuwa nani? Mzee mwenye ufunguo.

Jikoni kulikuwa na mtu aliyekuwa akiwashwa mikono siku zote hizo. Winfrida, mke wa Joel. Joel yuko Ikoma, anabeba mabegi ya watalii hotelini. Mkewe amebaki kwa wakwe. Baba yake Winfrida ana gereji kule Nyamongo, na binti amekulia chini ya malori. Hata usipomwuliza, atakwambia. Kila stata ikilia uani, yeye jikoni anauma meno.

Ila Mkurya ana mwiko wake. Baba mkwe na mkamwana hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawasemezani ila kwa kupitia mtu, hawakaliani kiti. Na kiti cha Mwikwabe, kila mtu anajua, ni kile chenye usukani.

"Mama," Winfrida akaita kutoka jikoni, "mwambie baba anipishe kwenye gari."

"Mama Joel, mwambie mkamwana hicho ni kiti changu."

"Mwambie sitaki kiti, nataka injini. Kiti akikalie tu, ndiyo kazi anayoiweza."

Wegesa, aliyesimama katikati yao na mwiko mkononi, akageuza kichwa huku na huku. "Mmesikiana au nirudie?"

"Rudia," Mwikwabe akasema. "Utaratibu ni utaratibu."

Dawa ikaletwa na pikapu yenyewe. Mwikwabe akaingia nyuma ya usukani, Wegesa akainua boneti, na Winfrida akazunguka nyuma ya ghala mpaka mbele ya gari. Boneti ikasimama kati yao kama ukuta. Mzee aliona kutu, mkamwana aliona injini. Wazee walioweka ule mwiko hawakuwahi kuona boneti, lakini ungeapa walikuja na futi wakaipima.

"Mama, mwambie baba apige stata."

Nye-nye-nye-nye.

"Inazunguka vizuri, haiwaki tu. Ubovu haukuwa wa betri. Hiyo mpya alinunua ya nini?"

Kisyeri akapuliza uji wake.

Winfrida akafunua kabureta, akavuta waya wa mafuta. Petroli ikaruka ndani. "Mafuta yanafika." Akafungua plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. "Apige tena!" Stata ikalia. Plagi ikakaa kimya, haina hata cheche.

"Moto haufiki kwenye plagi."

"Si nilisema!" Mwikwabe akadakia. "Jirani!"

"Mwambie jirani hana spana."

Akachomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, akaushika kwa kandambili ya mpira na kuusogeza karibu na chuma. Safari hii cheche ya buluu ikaruka, tap! tap!

"Koili nzima. Moto unafika vizuri hadi kwenye distributa inayougawa kwa plagi, halafu unapotelea humo humo." Akafungua kifuniko cha distributa. Akakisogeza puani. "Mama, hebu njoo unuse."

Wegesa akainama, akanusa, akainuka taratibu.

"Pombe ya ulezi," akasema.

Kumbe ndivyo! Siku ya matairi mapya Mwikwabe alijaza pombe mdomoni akayapulizia matairi, kama inavyopasa kubariki kitu kipya. Akapulizia taa. Kisha akaona si vizuri baraka kuishia nje, akafunua boneti na kuibariki injini funda baada ya funda. Kifuniko cha distributa kilikuwa na ufa. Baraka ikaingia, ikachacha, ikakauka, ikaganda kahawia na chenga za ulezi juu yake, na moto badala ya kwenda kwenye plagi ukawa unazurura kwenye utando ule kama mlevi.

"Mwambie mkamwana hiyo ni mvua," Mwikwabe akasema.

"Mwambie baba mvua ya Nyarero ina chachu."

Kisyeri akapaliwa na uji, jambo lililompunguzia kasi. Winfrida akasugua kifuniko kwa kitambaa chenye petroli, akakwangua utando kwa kisu, akakianika juani. Akatuma aletewe rangi yake ya kucha, ile nyekundu, akaziba nayo ufa. Ilipokauka akarudisha kila kitu mahali pake.

"Uji umeisha, mzee," Kisyeri akasema, akianza kuteremsha mtungi.

"Piga!" Winfrida akapaza sauti.

Pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanguruma uani kote, na kuku wakatokea dirishani wakipiga kelele.

Mwikwabe akapiga honi ya ushindi. "Niliwaambia mimi! Mtu akilijua gari!"

Likabaki jambo dogo. Winfrida alitaka kurudi jikoni, na kwa kuwa Kisyeri alishasogeza kirikuu chake akaziba njia ya ghala, iliyobaki inapita mlangoni kwa dereva.

"Mwambie baba ageuze uso."

"Mwambie siwezi, naangalia geji."

Wegesa akaenda kutafuta kanga ya kuwekea pazia. Iliyokuwa kambani ilikuwa mbichi. Akaingia ndani kutafuta nyingine. Pikapu ikanguruma, ikanguruma, kisha ikashikwa na kwikwi na kuzima.

Kisyeri alikuwa ameshapanda kirikuu chake. Akashuka upesi. "Imekufa?"

"Mama, mwambie huyo mgeni imeishiwa mafuta!"

"Mama hayupo," Mwikwabe akamjibu mkamwana moja kwa moja, mwiko ukamponyoka bila kujua, kisha akamtolea Kisyeri kichwa dirishani. "Umesikia, mura? Gari lina njaa. Uji wangu umekunywa, sasa chukua dumu ukalete petroli."

Kisyeri akaangalia gesi yake, akaangalia bakuli tupu, akachukua dumu. Wegesa akatoka na kanga.

"Mama Joel," Mwikwabe akaanza upya, kwa sauti ya baraza, "mwambie mkamwana: kuanzia leo mbele ya kioo ni kwake, nyuma ya kioo ni kwangu. Asivuke mtu."

"Mwambie baba nimekubali," sauti ikatoka nyuma ya boneti. "Na pombe, siku nyingine, aimeze yote."