Chumvi ya Mtamba

Wiki iliyopita, pale Miembeni, msichana wa dukani alinisukumia pakiti ya chumvi macho yakiwa kwenye simu. Sikumlaumu. Lakini ndugu yangu, chumvi ile ilinirudisha kijijini kwetu Izigo enzi za ujamaa, tulipopanga foleni duka la kijiji kwa kikombe kimoja tu, na siku nyingine tukarudi mikono mitupu.

Mwaka huo mama alikauka maziwa, na mdogo wangu mchanga alilia mpaka sauti ikamwisha. Mtamba wetu alikuwa ndiyo kwanza kazaa, ila mkorofi. Akiona kibuyu cha kukamulia tu, anarusha mateke. Baba akasema asipokamulika hadi Jumapili ya pili, anakwenda buchani.

"Niachieni mimi," bibi akasema.

Alianzia mbali. Mtamba akikitazama kibuyu bila kuruka, bibi anasema "Wakola", ndiyo asante yetu ya Kihaya, na papo hapo anamlambisha chumvi kidogo kiganjani. Kesho yake kutazama hakutoshi, lazima asogee hatua moja. Kisha akubali mkono mgongoni, kisha tumboni, kisha kwenye chuchu. Akirusha teke hapigwi wala hatukanwi. Anakosa chumvi tu, na bibi anarudia somo la jana. Sisi tulikula ndizi na maharage chapwa, nami nikamwonea wivu ng'ombe, usinicheke.

Jumamosi ya mwisho niliiba chumvi iliyobaki kwenye kopo la bibi, nikailamba yote nyuma ya migomba.

Asubuhi bibi alifungua kopo, akakuta tupu. Baba alikuwa tayari kashika kamba. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akanitazama midomo, akachuchumaa, akaweka mkono mtupu kwenye chuchu. "Wakola," akasema, akakamua. "Wakola." Mtamba akatega masikio, akatulia, maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu. Baba akaenda kuitundika kamba.

Kikombe cha kwanza bibi alinipa mimi nimpelekee mtoto. Nilitembea nikilia, nisimwage hata tone. Nilipofika mlangoni nikamsikia bibi nyuma yangu, kwa sauti ileile aliyomsemesha mtamba: "Wakola." Sijaiba tena tangu siku hiyo.

Zizi halipo sasa, migomba ya bibi imekatwa, na mdogo wangu ana wajukuu. Pale dukani nililipa, nikabaki nimesimama, kumbe nasubiri neno. Halikuja.

"Wakola," nikasema mimi.

Msichana akaiweka simu chini, akanitazama.