Mkwaruzo wa Ajuza

Kwa miaka kumi na moja Mal-sun alikuwa akiwahudumia kima wa maabara moja nje ya mji wa Cheongju, na hata siku moja hakuwa ameumia. Asubuhi hiyo alikuwa akimpa tufaha kima mzee aliyempa jina la Ajuza, akaona malengelenge ulimini mwake. Alipoinama amtazame vizuri, Ajuza alipenyeza mkono kwenye nondo akamparura juu kidogo ya glavu. Mstari mwembamba tu, kama wa mwiba.

Mal-sun alilitupa tufaha, akaita msaada. Kirusi cha malengelenge yale hukaa na kima maisha yake yote bila kumsumbua sana. Kikimwingia mtu, huweza kupanda hadi kwenye ubongo.

Daktari wa wanyama, kijana aitwaye Pyo, alimsimamisha kwenye sinki.

"Usitoe mkono, dada. Dakika kumi na tano."

"Nitakufa?"

"Sijui. Ndiyo maana tunaosha."

"Si ungenidanganya tu."

Hospitalini alipewa vidonge, akaambiwa ajiangalie kwa wiki tatu: homa, ganzi, kichwa kuuma. Siku ya pili majibu ya vipimo vya Ajuza yalirudi. Kirusi alikuwa nacho.

Nyumbani Mal-sun hakusema kitu. Alijitengea bakuli na kijiko, akaacha kuchota kwenye chungu kimoja na mumewe, Chil-bok.

"Mama Seon-ah, nimekukosea nini?" mumewe aliuliza siku ya nne. Mal-sun akamweleza. Chil-bok akalivuta bakuli la mkewe. "Miaka thelathini nakula makombo yako, leo ndiyo uninyime?"

Mal-sun alimpokonya, mchuzi ukamwagika. "Usifanye mzaha na hili." Mumewe aliweka kijiko chini.

Siku ya tisa vidole vilimfa ganzi. Alikimbizwa hospitali akilia, akimwagiza mumewe namna ya kumwambia binti yao. Nesi alifungua bendeji aliyojifunga Mal-sun kwenye mkwaruzo. "Umeikaza mno, mama. Damu haipiti." Vidole vikarudi, lakini hofu haikuondoka.

Wiki tatu zilipita, na vipimo vya mwisho vikatoka safi. Alirudi kazini, akafika mlangoni kwa kima, akashika kitasa, akashindwa kukizungusha. Alimwomba Pyo amhamishie kwa sungura. Pyo alikubali bila kumuuliza sababu.