Yowe Langu Pale Gatini

Ule mwaka sukari ilipopotea madukani, tukawa tunakunywa uji wa chumvi asubuhi na mchana tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga kama tumerudi kwa bibi zetu kijijini, ndio mwaka nilioaibika, na siyo aibu ndogo ya kanga kunasa kwenye msumari sokoni, hapana, ni aibu iliyokuja kutazamwa na mtaa wetu wote wa Kirumba, wengine wakiwa na magamba ya samaki mikononi na mwanamume mmoja akiwa kanyolewa nusu kichwa. Naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa jirani yangu Mama Zaituni, kwa sababu yeye akiisimulia ananivua nguo kabisa, na mimi nguo sikuvuka, nililowa tu.

Mimi nimeuza dagaa soko la Mwaloni tangu matiti yangu yakitazama mbele. Shule niliishia njiani, lakini hajazaliwa wa kuniuzia dagaa wenye mchanga nikanyamaza. Mjukuu wangu Kabula nimemlea mwenyewe, maana baba yake, mwanangu Masanja, alichukuliwa na ziwa mtoto akiwa bado ananyonya, na mama yake akaenda kuolewa kwingine (simlaumu, alikuwa bado msichana). Sasa huyu Kabula kamaliza kidato cha nne, kakaa nyumbani anatazama ukuta, ndipo kikafunguliwa kituo kule ufukweni mbele ya soko, wanafundisha vijana kuendesha mashua za tanga, kupiga kasia kwenye vimtumbwi vya plastiki vyenye rangi kama pipi, na hata kusimama juu ya ubao katikati ya maji kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Wanafundisha bure. Tena wanawapa chapati. Na atakayefanya vizuri kuliko wenzake, wakasema, ataajiriwa palepale awe mwalimu msaidizi.

Bure! Mimi hapo hapo sikio likasimama.

Siku moja Kabula akarudi, nywele zimelowa, anacheka peke yake. "Bibi, leo tumepimwa uzito."

"Mnapimwa ili iweje?"

"Ili wajue nani akae na nani kwenye mashua, isielemee upande mmoja."

Usiku ule usingizi ukaniruka. Mimi nimekaa na mizani maisha yangu yote, na pale Mwaloni kitu kinachopimwa ni kile kinachouzwa. Asubuhi nikamweleza Mama Zaituni, ambaye anakaanga maandazi mlango wa pili, naye akaacha andazi liungue.

"Bibi Kabula we, wamempima? Na chapati wanampa?"

"Wanampa."

"Basi wanamnenepesha."

Kuanzia hapo kila kitu nikakiona kwa jicho lingine. Mtoto akaanza kufunga mafundo nyumba nzima, mbuzi wangu akamfunga fundo ambalo nililifungua kwa kisu. Usiku analala anasema "geuza, geuza". Mwalimu wao, kijana anaitwa Deo, anavaa miwani myeusi hata mawingu yakiwa yametanda, na mimi mtu nisiyeyaona macho yake simwamini, hata angekuwa padri. Halafu mkubwa wa kituo, wanamwita Madam, akaja nyumbani kwangu, akapiga magoti akanipa shikamoo nzito (waliosoma wakikupigia magoti ujue kuna kitu wanataka), akaniomba niende siku ya mtihani wa mwisho nikamwone mjukuu wangu. Nikamjibu kuwa maji nimeshayaona, hayana kipya. Na Kabula nikampiga marufuku: asiniletee habari za ziwa ndani ya nyumba yangu. Jioni ya mwisho alifungua kinywa, "Bibi, kesho kuna kitu tutafanya, usije uka..." nami nikaongeza sauti ya redio. Kumbukeni hiyo redio.

Kulipokucha akaondoka, na mimi nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kama punje ya mtama: nitamfuata kimyakimya, nitazame, nirudi. Nikajitwisha ndoo ya dagaa wakavu ili nionekane muuzaji, nikajitanda kanga mpaka puani, nikafika getini.

"Shikamoo, bibi," mlinzi akasema. "Wapi hivyo?"

"Marahaba. Dagaa wa jikoni." (Jikoni kwao hawakuagiza hata dagaa mmoja.)

Nikapita jikoni, nikapita vimtumbwi vya pipi, nikafika kwenye gati lao la mbao, hapo pana kamba, na mlinzi kumbe kanifuata. Akasema ukivuka kamba ni lazima uvae laifu jaketi, hata uwe nani. Akanivika lile dude la rangi ya chungwa, akanifungia vifungo kifuani, halafu akashika mkanda mwingine unaoning'inia nyuma, akaanza kuona haya.

"Huu unapita katikati ya miguu, bibi. Ndio unaolizuia lisipande."

"Upite kwa bibi yako. Mimi nimezaa watoto sita, hakuna mkanda utakaopita hapo."

Akaniacha. Nikajifunga kanga juu ya jaketi ili nisionekane, nikawa kama kuku anayelalia mayai, nikasogea mpaka karibu na mwisho wa gati na ndoo yangu.

Nikawaona. Mashua ndogo, tanga jeupe, Kabula yumo peke yake, ameshika kamba, anakwenda na upepo kama vile ziwa ni uwanja wa baba yake, na nisiwadanganye, kifua changu kilijaa kidogo kwa fahari, nikakibonyeza kirudi chini. Pembeni yake Mwalimu Deo kwenye boti ya injini, na miwani yake. Basi Deo akainua mkono, akapiga filimbi, akapaza sauti: "Geuza!"

Na mtoto akaning'inia ukingoni, akaivuta ile mashua, ikalala ubavu, tanga likapiga maji paa! na Kabula hayupo. Na yule Deo kakaa. Kakaa anatazama! Mkono kiunoni!

Nikapiga yowe.

Sasa kwa sisi Wasukuma yowe, ambalo tunaliita mwano, siyo kelele. Ukilisikia unatupa ulichoshika unakimbia, na asiyekuja ataulizwa mbele za watu alikuwa wapi. Na aliyelipiga kwa jambo ambalo halikuwepo, lazima asimame palepale alipolipigia, mbele ya walewale waliokuja, alirudishe kwa kinywa chake aseme hakukuwa na kitu, kisha awapikie. Kwa hiyo mtu mzima halipigi ovyo. Mimi nililipiga kwa tumbo lote. "Uwiii! Uwiii! Wamemzamisha mwanangu!" Na pale Mwaloni nikasikia wanawake wanalipokea, likaenda, likapanda mpaka kule juu kwenye mawe.

Wanasema baada ya hapo niliruka majini. Sikuruka. Gati liliisha.

Lile jaketi bila mkanda wake likapanda juu mimi nikaenda chini, likaniziba masikio, kidevu na jicho moja, miguu ikaelea mbele, kanga ikatandazika juu ya maji kama mkeka wa harusi, na ndoo ikamwagika, dagaa wangu wote wakaelea kunizunguka, na wale ndege weupe wa ziwani wakashuka kula. Nikiwa hai! Wanadonoa mpaka begani! Nikawa napiga maji kwa mikono yote miwili ninalia, na hapo nikasikia mtu amenishika jaketi kwa nyuma.

"Bibi! Legea! Usipigane na mimi!"

"Niache mimi! Mwokoe Kabula!"

"Bibi, mimi ndiye Kabula!"

Nikageuza lile jicho lililobaki, nikamwona. Yuko kwenye mashua ileile, imesimama, tanga linachuruzika maji. Alikuwa chini ya tanga, akatoka, akapanda kwenye ule ubao wa tumboni mwa mashua, akaiinua, ndivyo walivyofundishwa, ndio ulikuwa mtihani wenyewe, na ndicho alichotaka kuniambia nikaongeza redio. Akanivuta ndani kama gunia la mkaa lililolowa.

Lakini yowe lilikuwa limeshafika. Mitumbwi ya wavuvi ikawa imemzunguka Mwalimu Deo, makasia yako juu, wanamuuliza kamfanya nini mtoto, na Deo kavua miwani, na macho yake nikayaona siku ile kwa mara ya kwanza: macho ya mtu anayetaka mama yake. Kabula akasimama kwenye mashua akawapigia kelele: "Mwacheni! Nimeigeuza mwenyewe! Mwacheni, jamani!" Makasia yakashuka polepole.

Pale gatini nilipoteremshwa watu walikuwa wamejaa, waanika dagaa na reki zao, bodaboda, yule wa nusu kichwa na shuka la kinyozi shingoni, na Mama Zaituni ana unga mpaka kwenye viwiko. Walinitazama nikichuruzika, dagaa kwenye nywele. Mtu mmoja akacheka puani, na mlango wa kicheko ukafunguka, wakacheka wote, wakashikana mabega. Mimi nikatazama mbele.

Mkubwa wa wavuvi pale Mwaloni, Mzee Lukas, hakucheka. "Nani kapiga yowe?"

"Mimi."

"Mtoto huyu hapa mzima. Basi lirudishe, mama, watu waende kazini."

Nikakamua kanga yangu. Nyuma ya watu nikawaona akina mama wameshawashika mabinti zao mikono, wanawaondoa, mmoja anasema hiki kituo kina lake jambo, yowe halipigwi bure. Na Madam akanisogelea.

"Mama yangu, tafadhali. Useme tu hakukuwa na kitu. Wakiondoka hivi na hofu hawarudi, na wasiporudi nafunga. Kabula nilikuwa namwajiri leo."

Kabula akanitazama. Midomo imegeuka bluu kwa baridi, na nilijua anachoomba, ni maneno mawili matatu, yangenigharimu nini?

Nikasema: "Nilichokiona nimekiona, na yowe langu silirudishi."

"Bibi!" akalia.

"Subiri nimalize. Mzee Lukas, wewe ulikuwepo. Masanja mtumbwi wake ulipinduka wapi?"

Mzee akainua kidevu kuelekea majini. Palepale.

"Mchana au usiku?"

"Mchana."

"Watu walikuwepo ufukweni?"

"Walikuwepo. Walidhani vijana wanacheza. Kila mtu aliona haya kupiga yowe la bure achekwe."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kwenye chanja zako. Unageuza dagaa."

"Hatua chache. Ningelisikia." Nikafuta pua kwa kanga iliyolowa, ambayo haifuti kitu. "Basi leo nimelipiga mimi, nimechekwa mimi, na mtoto yuko hai. Chakula nitawapikia, hilo sikatai. Kulirudisha, hapana. Ila kama mnaogopa kituo, msiondoke. Kabula, igeuze tena. Waone wote."

Akashangaa. Halafu akajifuta uso, akaingia kwenye mashua. Akaenda mpaka palepale, akaning'inia, tanga likapiga maji, paa! Nikasikia watu mia wanavuta pumzi, Mama Zaituni kashaanza "Uwi..." nikamziba mdomo kwa kiganja. Kiganja cha pili nilikiweka mdomoni mwangu mwenyewe, nilijua ni mtihani na bado nilikiweka. Kisha kile kichwa chake kikatokea, akapanda ubao, akaegemea nyuma, na mashua ikanyanyuka inachuruzika, na wavuvi, watu ambao wengi wao wanashinda majini na hawajui kuogelea, wakagonga makasia kwenye mitumbwi yao. Mzee Lukas akawa wa kwanza kumuuliza Madam kama wanafundisha na wazee.

Kabula akaajiriwa. Na akatoa shauri ambalo Mzee Lukas alilikubali: siku wanayogeuza mashua kwa makusudi, kitambaa chekundu kinafungwa gatini na mtu anatumwa Mwaloni kusema. Bila kitambaa, yowe ni yowe.

Niliwapikia. Dagaa wote niliobakiwa nao, ugali, na uji wa chumvi, wakala wakinicheka mpaka jua linazama, na yule wa nusu kichwa alikula kuliko wote, kinyozi wake keshafunga.

Mpaka leo nikipita Kirumba kuna mjinga ataniuliza kama gati limeongezwa urefu. Sitamfuata tena mtu na ndoo ya uongo kichwani, na redio siku hizi naipunguza mtoto akifungua kinywa. Hata mkanda naupitisha, nikigeukia ukutani. Lakini Kabula naye kanunua miwani myeusi, na macho yake siyaoni, kwa hiyo namtilia shaka kama nilivyomtilia Deo. Kila siku ya kitambaa chekundu huja kuniaga, ananiinamia nilipokaa na ungo wangu.

"Bibi, leo tunageuza. Na lile yowe, bibi yangu, si ulirudishe sasa? Watu watazeeka wanalisubiri."

Namwambia avue miwani kwanza. Anavua. Namtazama vizuri, macho ya Masanja yaleyale, nampepetea dagaa wachache mkononi, namjibu.

"Nilichokiona nimekiona, na yowe langu silirudishi."