Zimwi la Mchana

Kwetu, milimani nje ya Iringa, hadithi hazikusimuliwa mchana. Mtoto akisikiliza hadithi jua likiwaka, mama yake hufa. Ndivyo tulivyoambiwa, na mimi niliamini kuliko nilivyoamini katekisimu, maana katekisimu haikuwahi kunitisha hivyo.

Mwenye hadithi alikuwa bibi yangu mzaa baba. Katika hadithi zake zote tulilipenda zaidi zimwi lenye vinywa viwili. Kwa mbele lilikuwa kijana mtanashati, lina maneno matamu, linajua kusalimia wakwe. Kinywa cha pili kilikuwa kisogoni, kimefichwa na nywele, na hicho ndicho kilichokula watu. Tulicheka, tukapapasana visogo. Mimi nilidhani ni kiumbe cha msituni.

Baba alifariki katika miaka ya hamsini, nikiwa nimemaliza darasa la nne. Baada ya miezi mitatu baba mdogo, aliyekuwa fundi cherehani Mbeya, alikuja na ratili mbili za sukari na kanga ya mama. Akasema mbele ya wazee kwamba atanichukua akanisomeshe shule ya kati.

"Huyu msomi wangu," alisema, "asije akaozea hapa."

Wazee wakapiga makofi. Mama akalia kwa furaha. Mimi nilishaanza kujiona nimevaa sare.

Kesho yake adhuhuri Bibi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Kaa hapa, mke mwenzangu. Palikuwa na binti mmoja, baba yake amekufa. Basi zimwi likaja na sukari..."

"Bibi! Ni mchana!"

"Najua ni mchana. Sikiliza."

"Mama atakufa!"

"Hafi. Sikiliza hii moja tu."

Mzazi mmoja nilikuwa nimeshamzika, na wa pili sikuwa tayari kumchezea. Niliziba masikio kwa vidole, nikakimbilia shambani, nikaimba nyimbo zote za kanisani nilizozijua ili sauti yake isinifikie. Ingekuwa jioni ningemsikiliza mpaka mwisho. Lakini lori la Mbeya liliondoka alasiri ileile, nami nilikuwa juu ya magunia, nimekumbatia kifurushi changu.

Mbeya shule niliiona kwa nje. Nilibeba watoto wa baba mdogo mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Nilichota maji, nikasonga ugali, nikashona vifungo vya nguo za wateja mpaka vidole vikaota sugu. Akiingia mgeni, kinywa cha mbele kilifunguka: "Huyu msomi wangu, mwakani anaanza." Hiyo mwakani ilikuja mara nne, ikapita. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na husema ili kukufariji. Mimi methali hiyo siipendi. Walioitunga hawakumuuliza aliyebakizwa.

Aliponirudisha nyumbani, nilikuwa mkubwa mno kwa dawati lolote. Mama alikuwa hai, mzima kabisa. Nikamwendea Bibi, nikamwomba animalizie hadithi yake.

"Haina mwisho," alisema. "Niliitunga palepale. Nilitaka ukatae kupanda lori."

"Ulijuaje?"

"Asubuhi ile nilimsikia akimwambia dereva kwamba amepata yaya wa bure."

"Sasa kwa nini hukuniambia hivyo?"

Alivuta ungo wake, akaanza kupepeta. "Yule ni mwanangu. Ningemsemaje mtoto niliyemnyonyesha?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa. Lakini yeye alijua yote, akanipa fumbo, tena saa ambayo yeye mwenyewe alinifundisha kuiogopa. Nilimkasirikia siku ile, na sasa nina mvi kama zake na hasira haijaisha. Nilimzika kwa heshima zote. Machozi niliyoyatoa siyajui yalikuwa ya nini.

Wajukuu wangu nawasimulia mchana kweupe, tukipukuchua mahindi. Wakiuliza zimwi lilikaa msitu gani, nawaambia halikukaa msituni. Lilikuwa baba yangu mdogo, na mama yake alijua.