Kiatu Juu ya Dashibodi

Jumamosi nilihama Kawangware kwenda mtaa wa Olympic, hapa hapa Nairobi. Kanta niliyokodi, lori dogo la kubebea vyombo, ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, na dereva alikuwa yeye mwenyewe. Kabla ya kuwasha, alivua kiatu cha kulia akakiweka juu ya dashibodi.

"Mama, utaendesha hivyo?" nikauliza, nikiwa nimepakata trei ya mayai.

"Kiatu hakisikii mafuta. Mguu unasikia."

Tukaondoka polepole. Kila alipoona magari yamesimama mbele, aliinua mguu kutoka pedali ya mafuta mapema, lori likajipeleka lenyewe, na kabla hatujayafikia yalikuwa yameanza kusonga. Nyuma yetu matatu ilipiga honi kwa hasira.

"Wacha apige. Diseli ni yangu, na karo ya watoto ni yangu." Kisha akaongeza, macho barabarani: "Ushuru wa serikali uko ndani ya kila lita. Nikinunua nimeshalipa, hakuna kubembelezana. Ushuru wenye hawanipati nao ni wa lita sijachoma."

Tulipofika Olympic nikayakagua mayai yangu. Hakuna hata moja lililopasuka.

Wanaotuongezea ushuru wa mafuta wangepanda kanta ile siku moja. Lakini wavue viatu kwanza.