Kilobiti Thelathini na Mbili

Benite, mtangazaji wa kipindi cha kuwatafuta waliopotezana na ndugu zao vitani, alikuwa amechoshwa na fundi sauti wa studio yao ya redio mtaani Kigobe. Kila rekodi fundi huyo aliisikiliza mara tatu, macho kafumba, hedifoni kaibana kwa viganja viwili, midomo ikiigiza pumzi za msemaji. Anaibana faili iwe nyepesi kutumwa, kwa kilobiti kumi na sita kwa sekunde, anasikia sauti imefifia, anasonya, anaifuta. Anajaribu ishirini na nne, anasonya tena. Na huku kituo cha ng'ambo ya mpaka, kinachosikika kwenye kambi za wakimbizi, kinangoja rekodi itumwe kwa laini ya simu.

"Weka kumi na sita, bwana!" Benite alifoka siku hiyo. "Ni maneno, si muziki! Kwa thelathini na mbili itachukua saa muzima!"

Fundi alimvika hedifoni. Mtoto wa kike wa miaka kama mitano, asiyejua jina la mama yake wala la kilima walikokuwa wakiishi, alikuwa akieleza anachokumbuka. Kwa kumi na sita alisikika kama mtoto yeyote anayesemea ndani ya ndoo. Kwa thelathini na mbili, kila "s" ilipenya kwenye pengo la meno yake na kupiga mluzi mdogo.

"Mama yake atamujua kwa hii tu," fundi alisema. "Mi siitoi."

Benite akavua hedifoni, akapiga simu ng'ambo.

"Mutungoje saa muzima," alisema. Walipoanza kulalamika, aliwagombeza kuliko alivyowahi kumgombeza fundi.