Vidole Vitatu vya Jakom

Nailoni ikiungua hutoa harufu inayokaa kooni siku tatu, na mimi nilizihesabu. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, ufuoni Sori, pale Jakom, ndivyo tulivyomwita mwenyekiti wa ufuo, alipouchoma wavu wa mama. Sheria yenyewe ilikuwa njema, hata leo nitaitetea: nyavu za matundu madogo zilikuwa zikizoa vifaranga vya samaki wetu mkuu, ngege, na ziwa lilikuwa likiisha. Mkutano ukakubali kwamba tundu halali lipitishe vidole vitatu. Watu wazima wote wale, na hakuna aliyeuliza vidole vya nani.

Vidole vya mama vilipita bila kugusa uzi. Vya Jakom, vinene kama ndizi za kupika, vikagoma. "Pima tena, Jakom, huu nimeununua dukani Homa Bay," mama akasihi. "Min Akinyi, ziwa halijui duka," akajibu, akimwita mama Akinyi kwa Kijaluo, akamwaga mafuta ya taa. Wavu ule ndio uliotulisha sisi watano. Jioni ileile wavuvi wawili waliotuvulia wakahamia kwake, na Sabato iliyofuata akaketi mbele yetu kanisani akiimba besi. Mimi sikuimba, nilikuwa nawaza wavu wake. Ulianikwa nyuma ya nyumba yake, kwenye njia yangu ya kuteka maji. Kwenye kipande cha wavu wa mama kilichonusurika moto, matundu sita yalienea kutoka kiwiko changu hadi kiganjani. Kwenye wake, kumi na tisa. Nikarudia, maana hesabu ya mara moja ni uvumi. Kumi na tisa.

Afisa wa uvuvi alipokuja Jumapili moja, Jakom alimwekea kiti na soda. Nikasimama mbele ya watu wote. "Mzee, wavu wa mwenyekiti haujapimwa."

"Wewe mtoto, nenda shule!"

"Leo Jumapili, Jakom. Leta vidole vyako, vilevile vya siku ile."

Wanawake wauza samaki wakaangua kicheko. "Ingiza, Jakom! Hata kimoja tu!" Kwa hasira akaingiza kidole cha mwisho, kikakwama, na afisa mwenyewe akamkatia uzi kwa kisu. Wavu ukachomwa. Mama alinivuta mkono turudi nyumbani. Nilikataa mpaka boya la mwisho likayeyuka.

Hata hivyo mama hakupata wavu mwingine. Alizeeka akianika omena, dagaa wadogo wa watu wengine. Mimi leo nauza nyavu mjini Migori, na wateja huniomba nipunguze bei na matundu pia. Bei napunguza. Zamani ngege mmoja alijaza sufuria. Sasa yule mkubwa sokoni Suna anatoshana na kiganja changu. Jakom yu hai, mkongwe, na majirani hunisihi nimsamehe. Mwezi uliopita nilimpelekea ngege wanne wa ukubwa huo, nikampikia kwa mkono wangu. Akawamaliza, akauliza kama kuna wengine. "Hakuna, baba," nikamwambia, nikavuta kiti karibu nimtazame vizuri akifyonza miiba.